Mgeni Mwenye Daftari: Kulinda Miliki Bunifu Yako Mradi wa Utafiti Ufikapo

Mgeni mwenye daftari hubisha hodi kwa adabu. Ana barua ya chuo, ana kibali chenye muhuri, na mara nyingi ameandamana na mzee wa kijiji au mhudumu wa afya unayemfahamu. Anaomba kukuuliza maswali kuhusu mti unaoutumia kutibu homa, au mbegu ya maharagwe uliyoachiwa na mama yako, au namna ulivyolikunja bati la jiko lako hata likala kuni kidogo kuliko majiko ya jirani. Anaomba pia aondoke na kitu kidogo: kipande cha gome, konzi ya mbegu, picha, pengine kichupa cha damu. Mwishoni anakupa karatasi utie sahihi. Saa moja haijaisha, mgeni ameaga.

Makala haya yanahusu saa hiyo moja. Wananchi wanaotujia na malalamiko ya aina hii hufika baada ya miaka kadhaa, wakati maarifa yao yamekwisha kuchapishwa au kuuzwa, na wakati huo huwa hatuna mengi ya kuwafanyia. Hatuandiki ili kuwatia watu hofu ya utafiti. Dawa tunazomeza na mihogo inayostahimili maradhi imetokana na miradi ya namna hii, na mingi isingefanyika bila fedha za kutoka ng'ambo. Hata hivyo, mradi unaofadhiliwa kutoka nje huja na kanuni zilizokwisha kuandikwa kuhusu nani atamiliki matokeo yake. Ikiwa jina lako halimo katika kanuni hizo, njia ya kuliingiza ni karatasi unayotia sahihi kabla ya mgeni kuondoka.

Yaliyotokea Bogoria

Ziwa Bogoria liko katika Kaunti ya Baringo. Maji yake ni ya magadi, na ufuoni mwake zipo chemchemi zinazotokota. Watalii huenda kuwatazama heroe, lakini wanasayansi walifuata kitu kisichoonekana kwa macho: bakteria wanaostawi katika maji ambayo yangeviua viumbe wengine wengi. Mwaka 1992 sampuli zilichukuliwa kutoka ziwani humo katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Bakteria wa aina hiyo hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi ya kikemia, ambavyo haviharibiwi na magadi wala joto. Sifa hiyo ina thamani kubwa kwa watengenezaji wa sabuni za kufulia. Ina thamani pia viwandani, katika kufifisha rangi ya zile suruali za jinzi zinazouzwa zikionekana kuukuu kabla hazijavaliwa na mtu. Huenda wewe msomaji umewahi kujinunulia suruali ya namna hiyo gulioni.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, linalojulikana kama KWS, lilitangaza kwamba litadai sehemu ya faida kutoka kwa kampuni ya Marekani, Genencor, kwa hoja kwamba vimeng'enya ilivyoviuza vilitokana na vijidudu vya Bogoria. Mzozo uliofuata ulihusu idhini: kwamba mtu aliruhusiwa kufanya utafiti haimaanishi kwamba aliruhusiwa kufanya biashara. Kufikia hapo miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Vimeng'enya vilikuwa vimetoka katika maabara, vikaingia katika hataza, vikaingia katika bidhaa, na bidhaa zikaingia sokoni. Kudai haki ukiwa umesimama mwisho wa safari ndefu kama hiyo ni kazi ngumu hata kwa shirika la serikali lenye mawakili wake.

Linganisha na yaliyofanyika mwaka 2007. KWS lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu vijidudu vya hifadhi za Kenya, na humo mkawekwa masharti ya mafunzo, maabara na mrabaha, yaani malipo yanayotokana na mauzo ya bidhaa. Vijidudu vilikuwa vya aina ileile na nchi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mkataba ulitangulia.

Liko jambo jingine katika kisa cha Bogoria ambalo huachwa nje kinaposimuliwa. Jamii ya Waendorois, ambayo iliishi kando ya ziwa hilo, iliondolewa huko katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, iliona kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na ikapendekeza warejeshewe ardhi yao na walipwe mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi zinazoendeshwa huko. Basi swali la nani mwenye mali lilikuwepo hata kabla ya mgeni kutoka ng'ambo kufika, na halikuwa swali baina ya Kenya na wageni pekee.

Sheria inalinda nini

Watu wengi huamini kwamba dawa ya babu yao haiwezi kuchukuliwa kwa kuwa ni ya babu yao. Imani hiyo ni ya kweli nusu. Miliki bunifu, yaani mali itokanayo na akili ya mtu, ina milango kadhaa, na kila mlango una ufunguo wake.

Hataza hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, wenye hatua ya ubunifu, na unaoweza kutumika viwandani. Hudumu miaka 20. Mti ulioota wenyewe msituni hauwezi kupewa hataza, wala bakteria aliyekutwa ziwani hapewi kwa sababu tu amekutwa. Lakini mtu akikitenga kimeng'enya cha bakteria huyo, au akibuni njia mpya ya kukitumia, anaweza kuiombea hataza kazi hiyo. Akilikamua gome la mti wako, akatenga kiini kinachotibu, akaonyesha jinsi ya kukigeuza kidonge, vivyo hivyo. Hapo ndipo maarifa ya babu yanapogeuka kuwa hatua ya kwanza ya uvumbuzi wa mtu mwingine, na sheria ya hataza haimlazimishi mvumbuzi kugawana na aliyemwonyesha njia.

Kwa sababu hiyo Kenya ilitunga sheria nyingine mwaka 2016, Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni. Chini yake, jamii inayohifadhi maarifa ya jadi ndiyo mwenye haki juu yake, na anayetaka kuyatumia hupaswa kwanza kupata ridhaa ya jamii hiyo, ridhaa inayotolewa mapema na kwa ufahamu. Sheria inataja pia rejista za maarifa ya jadi katika kaunti. Maoni yetu ni kwamba kuandikisha kuna manufaa ya ushahidi, lakini uliza kwanza ni nani atakayeruhusiwa kuisoma rejista hiyo. Siri iliyoandikwa mahali pa wazi si siri tena.

Kwa mimea, wanyama na vijidudu, yako masharti mengine. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inazitaka nchi wanachama, Kenya ikiwemo, kuhakikisha kwamba rasilimali za kijenetiki zinatolewa kwa ridhaa na kwa masharti yaliyokubaliwa na pande zote, na kwamba faida inagawanywa kwa haki. Hapa nchini, hata kabla ya itifaki hiyo, kanuni za mwaka 2006 zilikwisha kuweka kibali cha kuzifikia rasilimali hizo, kinachotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mwezi Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza kutaja asili ya rasilimali za kijenetiki na ya maarifa ya jadi ambayo uvumbuzi wake umejengwa juu yake. Hiyo ni hatua njema, ingawa kutaja asili si sawa na kulipa.

Mfadhili anataka nini

Wengi hudhani kwamba anayetoa fedha ndiye atakayemiliki matokeo. Kwa kawaida sivyo. Katika mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya uitwao Horizon Europe, matokeo ni mali ya taasisi iliyoyazalisha, na zikiyazalisha kwa pamoja bila kutenganika huwa ni mali yao wote. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1980 iitwayo Bayh-Dole inaviruhusu vyuo kubaki na hataza za uvumbuzi uliogharamiwa na fedha za serikali. Kwa hiyo mwenye kuhesabiwa ni taasisi iliyotajwa katika mkataba wa ufadhili. Mkulima aliyetoa mbegu na mganga aliyetoa jina la mti hawatajwi humo.

Mfadhili hutaka kitu kingine ambacho watu hawakitilii maanani: uchapishaji. Wafadhili wengi wakubwa, kama vile Wakfu wa Gates, huamuru kwamba matokeo yachapishwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. Kusudi lake ni jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini kitu kilichochapishwa si kipya tena mbele ya afisa wa hataza. Ikiwa jiko lako limechorwa vipimo vyake vyote katika jarida la kisayansi, kiwanda chochote duniani kinaweza kulitengeneza, na huenda wewe mwenyewe ukashindwa kulipatia hataza.

Si wanavijiji peke yao wanaopitwa. Katika mtaa wa Majengo, Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Kanada na Uingereza walichunguza kwa miaka mingi damu ya wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, kwa kuwa baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ingawa walikuwa hatarini kila siku. Maarifa hayo yalichangia kubuniwa kwa chanjo ya majaribio pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, kwa fedha za shirika la kimataifa la chanjo ya UKIMWI. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba maombi ya hataza yalikuwa yamepelekwa bila kuwataja watafiti wa Kenya. Wakalalamika hadharani, mazungumzo yakafanyika, na makubaliano yakarekebishwa ili upande wa Nairobi nao uwe na sehemu katika umiliki. Chanjo yenyewe haikufaulu, kwa hiyo hapakuwa na faida ya kugawana. Na wale wanawake? Sheria ya hataza haimtambui mtoa damu kuwa mvumbuzi. Kama wangepata chochote zaidi ya huduma ya kliniki, ingebidi kiwe kimeandikwa katika makubaliano tangu mwanzo.

Karatasi anazobeba mgeni

Leseni ya utafiti ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, ndiyo karatasi ya kwanza ya kuiomba. Ina alama ya mraba ambayo simu inaweza kuisoma ili kuthibitisha kwamba si ya kughushi. Ukiisha kuithibitisha, soma masharti yake. Humo imeandikwa kwamba leseni hiyo haimpi mtafiti mamlaka ya kuhamisha vifaa vya utafiti, na kwamba kukusanya sampuli kunahitaji idhini za idara nyingine zinazohusika. Watu hawayasomi maneno haya, nasi tungependa kila chifu ayasome kwa sauti barazani. Mgeni anayekuonyesha leseni ya NACOSTI ameonyesha kwamba anaruhusiwa kuuliza maswali. Bado hajaonyesha kwamba anaruhusiwa kuondoka na gome.

Karatasi ya pili ni ya ridhaa, na ndiyo utakayoombwa kuitia sahihi au kidole gumba. Inapaswa kuwa katika lugha unayoifahamu, na nakala yake ibaki kwako. Angalia hasa sentensi zinazozungumzia siku zijazo: sampuli itahifadhiwa kwa muda gani, itaweza kutumiwa kwa "utafiti mwingine" wowote, au kupewa "washirika wengine". Maneno hayo mafupi yanaweza kubeba miaka thelathini. Una haki ya kuyakubali mengine na kuyakataa mengine. Mwambie mtafiti akate sentensi usiyoitaka kwa kalamu, kisha nyote wawili mweke sahihi zenu pembeni. Mtafiti mwaminifu hatakasirika, ataandika.

Kama kilichochukuliwa ni damu, mate au taarifa za afya yako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa data nyeti, nawe unaweza kuiondoa ridhaa yako baadaye. Lakini kuiondoa hakufuti yaliyokwisha kufanywa kihalali kabla ya hapo.

Ya tatu ni mkataba wa kuhamisha sampuli, baina ya taasisi ya hapa na ile ya ng'ambo. Wewe si mhusika wake na pengine hutauona, lakini waweza kuuliza kama upo na kama unakataza matumizi ya kibiashara bila kurudi kwako kwanza. Uliza pia kuhusu mfuatano wa jeni. Siku hizi mtafiti hahitaji kubeba mbegu nyingi: akiisha kuusoma mfuatano wake na kuuweka katika hazina za data za kimataifa, mtu aliye popote anaweza kuufanyia kazi bila kuigusa mbegu yenyewe. Nchi zilikubaliana mwaka 2024 mjini Cali, Kolombia, kuanzisha mfuko ambao kampuni zinazofaidika na data hizo zinatazamiwa kuuchangia. Kuchangia huko si lazima.

Tunaongeza neno kuhusu soda na nauli. Shilingi mia chache unazopewa baada ya mahojiano ni fidia ya muda wako. Si bei ya maarifa yako, na kuzipokea hakukuondolei haki yoyote, isipokuwa kama karatasi uliyotia sahihi inasema vingine. Vilevile, mtu mmoja hawezi kuuza kilicho cha jamii nzima. Mtafiti akikutaka wewe peke yako utie sahihi kwa niaba ya ukoo au kijiji, mwombe arudi siku ya baraza.

Hata mkataba mzuri huweza kufa. Mwaka 2005 Ethiopia ilitia sahihi makubaliano na kampuni ndogo ya Uholanzi kuhusu tefu, ile nafaka ya injera, na makubaliano hayo yalisifiwa kama mfano wa kuigwa. Kampuni ilifilisika mwaka 2009. Ethiopia ilikuwa imepokea jumla ya yuro 4,000. Hataza ya unga wa tefu, ambayo maombi yake yalikuwa yamepelekwa kabla ya makubaliano, ilihamia kwingine na kuendelea kuishi, hadi mahakama ya The Hague ilipoibatilisha nchini Uholanzi mwaka 2018, na hilo lilitokana na kesi baina ya kampuni za hukohuko Uholanzi. Kwa hiyo, mnapokaa mezani, ulizeni pia: kampuni hii ikifa, au ikiuzwa, ahadi hizi zitamfuata nani? Na je, tayari kuna maombi ya hataza yaliyopelekwa?

Kama kitu ni chako mwenyewe

Fundi, mkulima au mwanafunzi aliyebuni kitu kwa mikono yake ana njia iliyo wazi zaidi kuliko jamii. Nenda kwanza katika Taasisi ya Mali ya Kiviwanda ya Kenya, KIPI, kabla ya kumwonyesha mtafiti sehemu ya ndani ya kifaa chako. Ukiona hataza ni ghali au uvumbuzi wako ni mdogo, uliza kuhusu cheti cha modeli ya matumizi, ambacho masharti yake ni mepesi na hudumu miaka 10. Sheria ya Mali ya Kiviwanda ya mwaka 2001 inakuachia miezi 12 ya kuleta maombi tangu uvumbuzi ulipotangazwa na wewe mwenyewe, lakini usiitegemee nafasi hiyo: nchi nyingine nyingi hazina huruma hiyo, na hataza ya Kenya hailindi nje ya Kenya. Mbegu uliyoichagua na kuiboresha mwenyewe ina mlango wake, haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, na maombi hupelekwa KEPHIS.

Ukialikwa kufanya kazi ndani ya mradi, jihadhari na mkataba wa ajira. Sheria hiyo ya 2001 inasema kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni wa mwajiri au wa aliyeagiza kazi, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Vijana wengi hutia sahihi kwa furaha ya kupata mshahara wa kwanza, kisha hugundua kwamba kifaa walichokuja nacho kimechanganyika na kazi ya mradi hata hakitambulikani ni cha nani. Andika orodha ya ulichokuja nacho, weka picha na tarehe, umpe mwajiri nakala aitie sahihi kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Ikiwa mgeni amekwisha kuondoka na moyo wako hauna amani, anza na karatasi ya ridhaa uliyobaki nayo: humo mna jina la kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti na namna ya kuwasiliana nayo. Iandikie kamati hiyo, ueleze kilichochukuliwa na tarehe yake, uombe majibu kwa maandishi, na nakala uipeleke NACOSTI. Kama sampuli ni ya mmea au mnyama, peleka nakala nyingine NEMA. Kama huna karatasi yoyote, njoo ofisini kwetu na jina la mtafiti au la chuo, hata kama unalikumbuka nusu. Njoo mapema, kabla jarida halijachapishwa.